Usifue, Hesabu

Kota za kiwandani, chumba namba nane
4 Aprili

Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Kama umesimama, kaa. Nawe Fundi Saa unayemsomea, shikamoo, soma polepole na usikubali akunyang'anye karatasi. Namjua, ataishika juu chini kisha aseme wewe ndiye hujui kusoma.

Umepata kitukuu! Msichana. Leo ana siku tano. Ana nywele za kuchana na sauti ya mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Mume wangu alikuwa zamu kwenye mashine ya kukatia mbao, akaja mbio na unga wa mbao kwenye nyusi. Alinawa mara tatu ndipo akathubutu kumgusa mwanawe, na akamgusa kwa kidole kimoja kama anapima chai. Mama mkwe yuko nasi tangu mwezi uliopita. Ni mwema, ila macho yake ni ya karani wa stoo, hakimpiti kijiko.

Mimi ni mzima, uchovu tu. Nilichanika kidogo, nikashonwa nyuzi tatu, sasa kukaa kwenyewe ni kazi ya kuajiriwa. Na ile nyingine unayoijua ipo, na ni nyingi. Nesi alisema siku za mwanzo ndivyo. Siwezi kueleza zaidi, najua nani anasoma. Fundi Saa, uniwie radhi.

Bibi, nina swali moja. Mama aliponizaa mimi, ilikuwaje kwake? Ilimchukua siku ngapi kukoma? Sina mwingine wa kumuuliza. Nesi alitaka kujua kama kuna mtu kwenye ukoo wetu aliyepata shida baada ya kuzaa. Nikasema sijui, ila mama alikufa kwa homa nikiwa mchanga. Akaandika: homa.

Njoo umwone mtoto.

Wako,
Chiriku


Nyumbani
12 Aprili

Chiriku, mke mwenzangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nilikaa, nikasimama tena, nikapiga kigelegele mpaka Fundi Saa akaangusha skrubu ya saa ya watu. Alitambaa chini ya meza nusu saa nzima na mwenye saa kasimama mlangoni, kanuna. Haikuonekana. Mwenye saa kaambiwa ni heri ya mtoto, akaondoka akisema yeye hajui heri, anajua saa ngapi.

Huku tuko wazima. Paa linavuja pale pale, kwenye miguu ya kitanda. Magoti yangu yanalia kama bawaba. Bado nafua, lakini kola na mikono ya mashati tu, mashuka nimewaachia wenye viuno.

Sasa nisikilize. Fundi Saa, andika, ukohoe ukimaliza. Usikae kwenye kiti kigumu kama mtu anayengoja hukumu. Kunja shuka kuukuu duara kama kata ya kubebea ndoo, kaa juu yake. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi, ukae humo asubuhi na jioni. Nimesema uvuguvugu. Watakuja watu na maji ya kunyonyolea kuku wakikwambia ni dawa, wafukuze, useme bibi yangu kasema. Ukienda haja ndogo jimwagie maji hapo hapo unapokojoa, hayatawasha. Wala usibane mkojo, kibofu kikijaa tumbo halirudi sawasawa. Mtoto akinyonya na tumbo likakubana, usiogope, ni nyumba inajikunja kurudi ilivyokuwa. Mtoto akilala, lala. Usibebe ndoo. Fundi Saa, liandike mara mbili hilo. Usibebe ndoo.

Na kuhusu vitambaa. Vitambaa, mjukuu wangu, mimi nilikufundisha

Basi. Fundi Saa anasema karatasi imekwisha.

Mama yako ilikuwa homa. Nimekwambia tangu hujaota meno ya pili. Usichimbe.

Kuja nitakuja, magoti yakipenda.

Bibi yako


Kota za kiwandani
21 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Mtoto anaongezeka, mashavu yameanza kuficha shingo. Nakaa kwenye kata yako ya shuka kama malkia, na maji ya uvuguvugu yamenisaidia. Mama mkwe aliniuliza nani kanifundisha kujimwagia maji hivyo. Nikamwambia ni wewe. Akasema "hm," na kwake "hm" ni sifa.

Fundi Saa, hapa nakuomba usome haraka na uangalie pembeni.

Ile iliyokuwa imepungua, ikawa rangi ya chai, ikakaribia kukoma, imerudi. Tangu Jumapili. Nyekundu kabisa kama siku ya kwanza. Inakuja kwa kishindo, kisha inatulia nusu siku, nasema imekwisha, kisha inarudi. Jana yalitoka mabonge, moja kama limau. Nilipoinuka kumchukua mtoto ukuta ukazunguka, nikakaa chini tena mpaka ukasimama.

Lakini usiwe na wasiwasi. Mama mkwe hajaona hata tone, na chumba ni hiki hiki kimoja! Nafua papo hapo kwa maji baridi na chumvi kabla hakijakauka, naanika chini ya shuka la mtoto, vilevile ulivyonifundisha nilipovunja ungo. Mume wangu ananisifia kwa wenzake. Anasema, nyumba yenye kichanga halafu kamba nyeupe namna ile!

Sitaki kwenda hospitali kwa jambo la kila mwanamke. Wataniona nadeka. Itakoma.

Karatasi yako ya safari ile iliisha ukiwa katikati ya neno. Ulitaka kusema nini juu ya vitambaa?

Chiriku


SIMU YA MAANDISHI
25 Aprili

CHIRIKU USIFUE TENA. WEKA VYOTE KWENYE BESENI. HESABU. MWONYESHE MAMA MKWE. NENDA HOSPITALI LEO NA BESENI LENYEWE. BIBI


Kota za kiwandani
9 Mei

Bibi,

Shikamoo. Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ulivyokaa.

Simu yako ilifika asubuhi. Mpeleka simu alisimama mlangoni akaisoma kwa sauti ya mnadani, mpaka "beseni lenyewe." Mama mkwe alikuwa anamkanda mtoto. Akanyanyua kichwa.

"Beseni gani?"

Nikasema hakuna kitu, ni bibi yangu, uzee.

"Bibi yako kasema unionyeshe. Nionyeshe."

Sikuwa na cha kumwonyesha, Bibi. Nilikuwa nimeshafua vitatu tangu alfajiri, vimeanikwa, safi. Nikamwambia basi ngoja kidogo. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, mtoto mapajani. Kitambaa kikilowa, kinaingia kwenye beseni, anahesabu kwa vidole. Kwa muda wa kupika chungu kimoja vilifika vinne, vimelowa chapachapa. Hakungoja cha tano. Alifunika beseni kwa sinia, akajitwika kichwani, akamfunga mtoto mgongoni, akanishika mkono. Tukatoka.

Barabara yote ile ya kiwanda. Mwanamume mmoja akaita, "Mama, mikate bei gani?" Hakugeuka. Nikacheka, Bibi, miguu inakufa ganzi na bado nikacheka.

Hospitali, yule wa mapokezi akaniuliza inatoka kiasi gani. Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Kidogo tu." Mdomo ulijisemea wenyewe. Mama mkwe akashusha beseni mezani kwake, juu ya daftari, akaondoa sinia.

Hakuniuliza tena. Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani. Wamekitoa, wameniongezea chupa mbili za damu, nimelala huko siku sita. Daktari, mwanamke mmoja mfupi mwenye haraka, aliniambia, "Kwa maneno yako ningekupa vidonge nikakurudisha nyumbani. Beseni ndilo lililosema ukweli." Alinieleza dalili za kutopuuza maisha yangu yote: ukilowesha kitambaa kizima kwa saa moja, bonge likizidi yai, nyekundu ikirudi baada ya kufifia, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, harufu mbaya, joto la mwili. Lolote katika hayo, usingoje kesho.

Mama mkwe anakusalimu. Nakuandikia alivyosema: "Mwambie bibi yako, mimi nalala naye chumba kimoja sikuona kitu. Yeye yuko mbali kote huko, hajui hata herufi, kaona. Yule ana hekima, na mimi namwamkia."

Bibi, ulijuaje?

Njoo.

Chiriku


Nyumbani
23 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba. Nimesomewa barua yako mara tatu, na mara zote tatu Fundi Saa amepangusa ile miwani yake ya jicho moja. Alhamdulillahi. Nimelala usiku wa kwanza tangu mwezi uishe.

Nakutumia mto. Nimeujaza sufi mwenyewe, nimeutoboa katikati kama pete, ukae bila kuumia. Kula maini, kula majani ya kijani, unywe supu. Damu hainunuliwi dukani. Watu wakikwambia mwanamke akitoka kuzaa asinywe maji mengi, waulize wao wanaishi kwa vumbi?

Paa limezibwa. Kijana wa bati kaziba pale penye miguu ya kitanda, sasa linavuja kichwani. Skrubu ya yule bwana imeonekana, ilikuwa kwenye upindo wa gauni langu, nimetembea nayo wiki sita.

Unauliza nilijuaje. Mtu akizeeka anajua mambo.

Mwambie mama mkwe wako, hiyo salamu yake. Mwambie ahsante. Hapana, usimwambie kitu.

Magoti bado.

Bibi yako


Kota za kiwandani
3 Juni

Bibi,

Shikamoo. Mto umefika, ni mlaini, ahsante. Mimi sikuuliza mto.

Daktari anataka nirudi tarehe ishirini na tano. Anasema kabla sijafikiria mtoto mwingine anahitaji kujua mambo ya mama. Alilitazama lile neno kwenye cheti changu akaniuliza, "Homa ya nini?" Nikamwangalia kama mjinga. Nina miaka ishirini na sita, sijawahi kuuliza.

Homa ya nini, Bibi?

Chiriku


Nyumbani
17 Juni

Chiriku,

Leo sina salamu ndefu. Tuko wazima.

Nimemwambia Fundi Saa afunge mlango wa kibanda, aandike asiinue macho. Akasema, "Bibi, mimi nimelea mabinti watano, sema tu." Nimeona haya mbele yake miaka yote nikidhani yeye ndiye anayeona haya.

Siku ile karatasi haikuwa imekwisha. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Mama yako hakufa kwa homa. Alikufa kwa damu, siku ya tisa baada ya kukuzaa. Na mimi ndiye niliyeifua.

Unaijua kazi yangu. Ni dobi tangu sijaota matiti. Shati la muuza nyama lilikuja kwangu kama kitambaa cha machinjioni, likarudi kwake utadhani la bwana harusi. Mtaani waliniita Mama Nyeupe, na jina lile nililivaa kama kilemba. Sasa binti yangu wa pekee amezaa. Chumba ni kimoja, babu yako yuko nyuma ya pazia, wageni wanaingia na kutoka kumwona mtoto. Mimi, Mama Nyeupe, niache kitambaa cha damu kionekane? Kila kilicholowa nilikichomoa hakijapoa, nikakimbia nacho uani, maji baridi, chumvi, nikasugua, nikaanika chini ya shuka. Nikirudi ndani, kingine kiko tayari. Na nilikuwa nasema, toka, uchafu, toka. Tuliambiwa hivyo na waliotuzaa, kwamba damu ya uzazi ni taka za tumbo, ikitoka nyingi ndivyo mwili unavyotakata. Nao waliambiwa na waliowazaa. Hakuna hata mmoja aliyekaa akahesabu.

Siku ya sita akaja mkunga wa zahanati, binti mdogo na kijitabu chake. Akamuuliza mama yako, mama yako akanitazama mimi. Basi akaniuliza mimi. "Mama, vitambaa vingapi tangu asubuhi?"

Babu yako alikuwa anakoroga chai nyuma ya pazia. Nikasikia kijiko kimesimama.

Nikasema, "Viwili. Vitatu. Kama wenzake."

Yule binti akachungulia uani. Akaiona kamba, nyeupe pe. Akasema, "Nyumba hii mnajua usafi." Chiriku, nilifurahi. Nilimsindikiza mpaka barabarani na furaha yangu.

Vilikuwa kumi na kimoja. Shule sikwenda, lakini kuhesabu najua, dobi asiyejua kuhesabu nguo za watu halali mtaani. Kumi na kimoja, na jua lilikuwa halijafika utosini.

Baada ya hapo midomo yake ikawa rangi ya majivu. Nikasema ni kukaa ndani. Akaona baridi, nikamfunika. Watu wakauliza ana nini, nikajibu homa, kwa sababu homa unaweza kuitamka mbele ya wanaume. Nikaisema kwa majirani, nikaisema kwa babu yako, ulipojua kuuliza nikaisema kwako. Neno likaota mizizi. Babu yako kaingia kaburini nalo.

Ulipoandika kwamba mumeo anasifia kamba yako, nilimpokonya Fundi Saa ile barua. Mimi nisiyejua herufi. Nikaitazama tu. Nilikufundisha ufundi ule ule uliomwondoa mama yako, nikakwambia ni usafi, na sikukwambia ulimfanya nini. Ulipozaa nilitaka kukwambia usifue, ukiulizwa sema kweli. Lakini ungeniuliza kwa nini. Nikaona heri ninyamaze, labda wewe itakupita. Kwa kunyamaza kule ulilala siku sita hospitali, na ungelala zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mama mkwe wako asiniite mwenye hekima. Ile sifa imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwambie si hekima, ni kovu. Yeye kaondoa sinia mezani kwa watu. Mimi mlango ulipobishwa niliongeza sabuni.

Nenda kwa daktari tarehe hiyo. Mwambie afute homa, aandike damu.

Bibi yako, kama bado unalitaka neno hilo


Kota za kiwandani
30 Agosti

Bibi,

Shikamoo.

Mtoto ana miezi mitano. Anakaa akiegemezwa, anacheka na mlango. Mama mkwe amerudi kwake, na aliondoka amelia kidogo, nilidhani yule hana machozi. Mume wangu amepata zamu ya mchana. Mimi ni mzima, damu imerudi mashavuni.

Daktari alifuta homa. Nilimwona akipiga mstari.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza, yalitoka maneno nisiyotaka Fundi Saa ayasome kwa ile sauti yake ya upole. Nimechana barua nne.

Juu ya kifo nimejaribu kukasirika nikashindwa. Mimi mwenyewe nilimwambia mtu wa mapokezi "kidogo tu" huku miguu inalowa. Najua mdomo unavyojisemea. Si hilo.

Ni homa, Bibi. Unakumbuka nilivyokuwa nikiugua? Kila nilipopata joto, hata mafua, nilijua ndiyo hiyo imekuja kunichukua kama ilivyomchukua mama. Nilipokuwa na miaka saba niligawa vitu vyangu. Kifutio changu nilimpa mtoto wa jirani, nikamwambia akitunze, mimi nakufa Jumatatu. Wewe ulinikanda kwa kitambaa cha maji nikakuuliza, "Bibi, ni ile ile ya mama?" Ukasema, "Lala." Basi. Ulikuwa na neno la kunitoa kwenye hofu ile, liko mdomoni mwako, ukasema lala. Nimeogopa ugonjwa usiokuwepo utoto wangu wote, na ule uliokuwepo nikaufua kwa chumvi.

Sisemi nimekusamehe. Nitakuwa mwongo, na waongo ukoo wetu unao wa kutosha.

Nina swali la mwisho, sitauliza tena. Mama alisema nini, siku ile ya tisa? Lazima alisema kitu. Usinifulie, Bibi. Nipe kama kilivyo.

Chiriku


Nyumbani
8 Septemba

Chiriku,

Marahaba. Nimemwapisha Fundi Saa asome bila kuruka neno. Karuka moja, nikamjua, akarudi nyuma.

Kifutio nakikumbuka. Nilikwenda kukidai kwa jirani, nikamgombeza yule mama kwamba mwanawe mwizi. Akanijibu, "Mjukuu wako kasema anakufa Jumatatu." Nikarudi nyumbani nacho mkononi. Nilijua, Chiriku. Siwezi kukwambia sikujua ulichokuwa unaogopa.

Umeuliza. Sifui.

Ilikuwa asubuhi. Wewe umenyonya, umelala. Mimi niko uani na beseni, mlango uko wazi, naona miguu yake tu, kitandani. Akaniita, si kwa nguvu. "Mama, acha kufua. Njoo ukae hapa."

Nikamwambia, "Namalizia hiki."

Nikakimalizia. Kikatakata. Nikakianika, nikavuta ncha zilingane, nikapangusa mikono, nikaingia.

Ndilo neno lake la mwisho, na lile ndilo langu kwake. Hakuna jingine nililokuficha. Nimepekua.

Mabeseni nimempa binti wa tatu wa Fundi Saa, pasi kaikataa, ni nzito. Jumamosi napanda basi, magoti yapende yasipende. Fundi Saa kaniandikia jina la kituo chenu kwenye kadibodi, nitalivaa shingoni kama mbuzi wa mnada na kondakta atanishusha. Usipokuwepo kituoni nitaelewa, nitarudi na basi lile lile, na hutasikia lawama kwangu wala kwa mtu.

Ukiwepo, nakuomba kitu. Usinipe nguo ya mtoto hata moja, hata soksi. Nitaomba, najijua, mikono itawasha. Ninyime. Wala usiningojee niseme neno, maneno yameisha kwenye barua hizi. Nionyeshe tu pa kukaa.

Bibi